Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: umerudi kwenye fluti baada ya miaka mingi, sasa uchukue ipi?

Nimeamua kuandika majibu yote sehemu moja manake maswali yamekuwa mengi na yanafanana, ya WhatsApp, ya baada ya mazoezi ya kwaya, hata foleni ya benki mtu ananishika mkono ananiuliza. Mimi niko Tanga, Chumbageni. Nilijifunza fluti kwenye bendi ya shule sekondari, nikaacha miaka 19, kazi na watoto, halafu nikarudi, na huu ni mwaka wa sita tangu nirudi. Sifanyi muziki kwa kulipwa, napiga kwa kuupenda, na ninayoyaandika hapa ni ya mtu wa aina hiyo, aliyepiga zamani, akaacha, akarudi, na sasa anahisi chombo chake hakimtoshi. Nikisema fluti nina maana ile ya chuma inayopulizwa kwa ubavu.

Shikamoo dada. Nimeitoa fluti yangu kabatini baada ya miaka 20, sauti mbovu kabisa. Ninunue mpya sa hivi?

Marahaba. Hapana, subiri kwanza. Najua mtu akirudi kwenye kitu anachokipenda anakuwa na haraka, mi nilitaka kununua wiki ileile, lakini fluti iliyokaa kabatini miaka 20 kwenye joto na chumvi ya Tanga hii pedi zake, vile vifuniko laini vya kuziba matundu, zimeshachoka, zimekauka au zimechanika ile ngozi ya juu, hazizibi, na fluti isiyoziba hata ukimpa mpigaji wa okestra ya Berlin haitamtolea C ya chini. Sasa ukinunua mpya kabla hujaitengeneza hii hutajua shida ilikuwa chombo, pedi au midomo yako.

Na midomo nayo imesahau, tusidanganyane. Misuli inarudi ila inataka miezi miwili mitatu ya noti ndefu kila siku, na dakika 20 za kila siku zinazaa kuliko masaa mawili ya Jumapili. Hili la midomo ndo sababu kubwa ya kukuambia usubiri: ukichagua fluti wiki ya kwanza unaichagua kwa mdomo ambao baada ya miezi mitatu utakuwa umebadilika, tundu lililokuwa rahisi kwako siku ile utaliona linakubana, na hela imeshaenda.

Yangu mimi fundi alibadilisha pedi nne tu na kurudisha kizibo cha ndani ya kichwa mahali pake, noti za chini ambazo nilidhani nimezipoteza zikarudi siku ileile. Nikaendelea nayo mwaka mmoja na nusu.

Nitajuaje kama inavuja au ni mimi ndo sijui kupuliza tena?

Piga G ya katikati halafu shuka polepole F, E, D, C, vidole vyepesi kabisa kama unagusa yai. Ukiona lazima ubonyeze kwa nguvu ndo noti itoke, inavuja. Na ujue mvujo mmoja unaharibu noti zote zinazohitaji tundu lile lizibwe, kwa hiyo mtu anaweza kulalamikia D na C wakati ugonjwa uko juu huko kwenye A.

Kuna kipimo cha karatasi, hiki mafundi wote wanakitumia. Chukua karatasi ile nyepesi ya kusokotea sigara, kata kipande chembamba, kiweke chini ya pedi, funga ufunguo kwa kidole kimoja kwa wepesi, vuta taratibu. Ikishikwa sawasawa pande zote, mbele, nyuma, kulia, kushoto, pedi ni nzima. Ikiponyoka upande mmoja, hapo ndo hewa inatoka. Fanya mchana dirishani, uwe na subira, zungukia pedi zote mpaka zile ndogo za trili, za kupokezanisha noti mbili haraka, sio zile za vidole tu.

Kichwa nacho, kile kipande cha juu chenye tundu la kupulizia, kinavuja, watu wanakisahau. Ziba ule mwisho wa chini kwa kiganja, weka mdomo kwenye tundu la kupulizia unyonye hewa, kikiwa kizima utasikia kinang'ang'ania. Kikiachia haraka kizibo cha ndani kimekauka, na ukiona lile taji, yaani kofia ya mwisho wa juu, linazunguka hovyo bila upinzani ni dalili hiyohiyo. Kizibo kinatakiwa kiwe kama milimita 17 toka katikati ya tundu, ndo maana ule ufito wa kusafishia una mstari, ukiuingiza ndani mpaka ugote mstari lazima uonekane katikati ya tundu. Wengi waliorudi nimewakuta mstari umehama, labda mtoto alichezea taji zamani, na mtu anahangaika oktavu zake hazikubaliani akidhani ni uzee.

Fundi yuko wapi? Tanga sijawahi kuona.

Wa fluti hasa ni wachache. Njia niliyoitumia ni kuuliza bendi, yaani bendi za polisi, za jeshi, za makanisa, kwa sababu wale wana vyombo vya kupuliza vya kila aina na lazima kuna mtu anavitengeneza. Wa Bagamoyo mna TaSUBa hapohapo, ile iliyokuwa Chuo cha Sanaa, anzieni hapo kuulizia. Na Unguja kuna chuo cha muziki cha Dhow Countries, Mji Mkongwe. Ila naomba sana usimpe fundi simu wala sonara, hata kama mikono yake ni mizuri. Sonara ataing'arisha ikapendeza na pedi zote zitakuwa zimelowa dawa.

Nimeshatengeneza, nimepiga miezi, bado nahisi nimefika ukuta. Sasa nitazame nini kwanza?

Kichwa. Hapa nitakaa kidogo manake ndo penyewe.

Sauti ya fluti inazaliwa pale hewa yako inapokata kwenye ukingo wa lile tundu. Ule mkondo wa hewa unapiga ukingo, unacheza ndani nje ndani nje, ndo bomba lote linaamka. Kwa hiyo umbo la tundu, ukali wa ukingo, urefu wa kile kishingo kati ya sahani ya mdomo na bomba, jinsi kuta za tundu zilivyochongwa kwa ndani, tofauti ndogo ambayo hata jicho haliioni vizuri inabadilisha kila kitu, jinsi noti inavyoitika, jinsi unavyoweza kupiga taratibu bila noti kukatika, na rangi ya sauti. Vichwa vya fluti za wanafunzi vimechongwa visamehe, ukipuliza hovyo vinatoa noti, na ni vizuri kwa mtoto, lakini mtu aliyeshakomaa akitaka kuibadilisha sauti, aifanye nene hapa na nyembamba pale, kichwa kile kinamjibu jibu moja tu. Huo ndo ukuta unaousikia.

Chukua mwili mmoja uweke vichwa viwili tofauti utasikia vyombo viwili. Chukua kichwa kimoja ukibadilishe kwenye miili miwili ambayo yote inaziba, tofauti inakuwa ndogo. Kwa hiyo kama mwili wako wa zamani ni mzuri, mfano Yamaha ya wanafunzi iliyotunzwa, kuna watu wananunua kichwa tu na wanapata robo tatu ya walichokuwa wanakitafuta. Angalizo ni kwamba vipenyo vya maungio vinatofautiana kidogo kampuni na kampuni, lazima fundi akilinganishe, usikilazimishe kwa kuzungusha na nguvu.

Je, fedha tupu ina sauti nzuri kuliko ya kuchovya?

Swali hili ndo linakula hela za watu.

Fluti nyingi za kuanzia zimetengenezwa na nikeli silva, ambayo jina lina silva lakini ndani hamna fedha, ni shaba, zinki na nikeli, halafu juu imechovywa fedha. Ukipanda unapata kichwa cha fedha tupu na mwili wa kuchovya. Ukipanda zaidi bomba lote fedha, halafu mpaka funguo. Fedha tupu ya kawaida ni 925, yaani sehemu 925 kwa 1000, na huwa imegongwa muhuri, ukiambiwa ni fedha na huoni muhuri kwenye bomba uliza vizuri. Juu ya hapo kuna dhahabu na platinamu, hizo tuziache.

Sasa je sikio linasikia? Mwaka 1971 Mmarekani mmoja mwanafizikia, John Coltman, alitengeneza fluti za kujaribia zenye vichwa vya aina moja vya plastiki na miili tofauti, wa fedha, wa shaba na wa mti, akawapigia watu bila kuona. Wasikilizaji hawakuweza kuzitofautisha, na hata wapigaji wenyewe walipopewa bila kujua wameshika ipi hawakuweza. Nimelisoma hilo nikakaa kimya siku nzima, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kudunduliza hela ya fluti ya fedha tupu.

Lakini kuna kitu kimoja cha haki kukisema. Fluti ya fedha tupu mara nyingi ni nzuri kweli, sio kwa sababu ya fedha, ni kwa sababu kampuni inapoweka madini ya bei inaweka pia fundi wake mzuri zaidi, kichwa kinamaliziwa kwa mkono, pedi zinapangwa kwa utulivu. Kwa hiyo unalipia mkono wa mtu. Ukielewa hivyo utachagua vizuri, utachukua yenye kichwa kilichochongwa vizuri na mwili wa kuchovya unaoziba, na hela inayobaki utalipia matengenezo ya miaka mitatu.

Na kwa sisi wa pwani kuna hoja ya ziada. Jasho la wengine linakula uchovyaji, unaona pale kidole gumba kinapokaa pamebabuka. Kama mkono wako uko hivyo, fedha tupu kweli inakufaa, haibabuki, inaingia weusi tu.

Matundu wazi au yaliyofunikwa?

Hapa tunasema funguo zenye tundu katikati linalozibwa na kidole, au zilizofunikwa. Usiongozwe na aibu kwamba yaliyofunikwa ni ya watoto. Matundu wazi yanakupa kuteleza kati ya noti na robo toni, na yanakulazimisha kushika vizuri. Kama unapenda kupiga nyimbo za taarabu, ile kuvuta sauti kidogo chini ya noti halafu ukaipandisha, matundu wazi yatakusaidia kweli. Kama unapiga kanisani na nyumbani basi hutayahitaji. Yapo na vizibo vidogo vya kuyaziba ukiwa unajifunza, unavitoa kimoja kimoja.

Kikubwa kuliko matundu ni ule ufunguo wa G. Kwenye nyingine umenyooka mstari mmoja na wenzake, kwenye nyingine umesogezwa nje kidogo kufuata kidole cha pete. Kama una miaka zaidi ya 40, au umefanya kazi za mikono, au unasikia ganzi, chukua uliosogezwa. Hauna hasara yoyote kwenye sauti.

Mguu wa C au wa B?

Mguu ni kile kipande cha mwisho cha chini. C inatosha. Wa B unaongeza noti moja chini ambayo muziki mwingi wa kawaida hauigusi, na unaongeza urefu na uzito upande wa mkono wa kulia. Wapo wanaosema unasaidia noti za juu sana, sawa, lakini usiache fluti nzuri kwa sababu tu ina mguu wa C.

Hii "spliti E" wanayoitaja ni nini?

E ya oktavu ya tatu kwenye fluti ni kaidi, inapasuka, kwa sababu matundu mawili yanabaki wazi wakati linalohitajika ni moja. Kifaa hicho kinafunga moja. Kwa mtu aliyerudi ni msaada mkubwa, mimi ninacho na sijutii. Ila ni chuma cha ziada cha kurekebishwa.

Kampuni gani za kuamini?

Nitasema ninavyoona, wengine watakuwa na yao. Yamaha ukipata modeli ya 222 au zile za zamani 211 na 221 una chombo ambacho fundi yeyote anakijua na vipuri vinapatikana. Mfululizo wao wa 300 una kichwa cha fedha tupu na wa 400 bomba lote ni fedha tupu, hapo ndo watu wengi waliorudi wanatulia. Pearl na Azumi ni nzuri sana daraja hilo hilo, Azumi ina undugu na Altus ya Japani. Trevor James na Jupiter zinaaminika, bei ya chini kidogo. Juu kabisa kuna kina Muramatsu, Sankyo, Miyazawa, Powell, Haynes, na hizo ukibahatika kuishika ishike, uisikie, ujue sauti inaweza kufika wapi, hata kama hununui.

Nimepewa fluti ya zamani ya Kimarekani ya miaka ya 60, ya fedha tupu. Nimebahatika?

Inawezekana, ila ipime na tyuna, kile kipimo cha noti, kabla hujashangilia. Fluti tunayopiga leo umbo lake lilikamilishwa na Mjerumani Theobald Boehm mwaka 1847, lakini mahali matundu yanapokaa kumerekebishwa sana baadaye, hasa na Mwingereza Albert Cooper na wenzake kuelekea miaka ya 70. Kabla ya hapo viwanda vingi vilikuwa na vipimo vya zamani vya sauti ya chini, halafu wanafupisha kichwa ili ifike A ya 440, kipimo cha kawaida cha sauti, matokeo yake C krosi (C iliyopandishwa nusu) ya katikati inapaa na noti za mguu zinazama. Sauti inaweza kuwa tamu kweli, lakini utapigana nayo kila wimbo. Mtu anayepiga peke yake barazani anaweza kuipenda maisha yake yote. Anayepiga na kinanda atachoka.

Za rangi za mtandaoni, bluu, pinki, bei chee, na sanduku zuri. Vipi?

Usinunue. Hili naliongea kwa uchungu kwa sababu nilinunua moja kwa ajili ya mtoto wa dada yangu, kwenye duka moja la mtandaoni, nikaona bei nikasema si haba, ya kujifunzia. Ilifika inang'aa. Mwezi wa kwanza ufunguo wa G krosi ukapinda kwa kushikwa tu, chuma chake laini kama bati la kopo. Nikaipeleka kwa fundi, akaniambia kwa upole, dada hii nikiinyoosha leo itapinda kesho, sitachukua hela yako. Duka halikujibu ujumbe hata mmoja. Na kilichoniuma sio hela, mtoto aliamini yeye ndo hajui, alikuwa analia, mpaka nilipompa ya kwangu ashike akatoa noti ya kwanza safi. Miezi miwili alikuwa anajilaumu kwa kosa la chombo.

Kwa hiyo mtumba ni bora?

Kwa bajeti zetu, ndio, mtumba wa kampuni ya kweli ni bora kuliko mpya isiyo na jina, kwa mbali. Ila mtumba unanunuliwa kwa macho na pumzi, sio kwa picha. Angalia maungio, kichwa na mguu viingie kwa kuzungusha taratibu, visilegee wala visikwaruze. Shika funguo uzitikise ubavuni, zikicheza sana vyuma vimelika. Angalia bomba kwa kulilaza kwenye mwanga kama limepinda. Vimikwaruzo na weusi wa fedha usivihofie, weusi ni rangi tu. Hofia mbonyeo karibu na tundu la kupulizia, na hofia tundu lililowahi kuchezewa na mtu kwa tupa.

Na kwenye hesabu yako weka hela ya pedi toka mwanzo. Muuzaji akikwambia imefanyiwa huduma, mjibu vizuri, halafu toa karatasi yako.

Nikiagiza nje itakuwaje bandarini au Posta?

Kuna ushuru wa forodha na VAT, na VAT yetu ya kawaida ni asilimia 18, inapigwa juu ya thamani pamoja na usafiri, kwa hiyo bei ya kwenye mtandao sio bei yako. Uliza TRA kabla hujalipa na uwe na risiti halisi. Mimi yangu ililetwa na mtu aliyekuwa anasafiri, mkononi ndani ya ndege, sikutaka irushwe kwenye mizigo, mguu wa fluti ukipata dhoruba kidogo tu zile funguo ndogo zinahama. Risiti niliiweka kwenye sanduku na ushuru nikalipa.

Nikifika dukani Dar au kwa muuzaji, nijaribu vipi? Naona aibu kupiga mbele za watu.

Aibu hiyo naijua. Mwambie muuzaji unataka chumba au kona, dakika 30, na ubebe fluti yako ya zamani. Hii ni muhimu kuliko yote, anza na yako dakika tano mpaka mdomo upate joto, halafu ndo ushike mpya, manake sikio linahitaji mizani.

Usipige wimbo mgumu. Piga noti moja, B ya katikati, anza kimya kabisa ipandishe ishuke. Inakatika wapi? Halafu ruka oktavu kwa midomo bila kubadili vidole. Halafu shuka mpaka C ya chini kwa wepesi. Halafu zile noti za juu taratibu bila kupiga kelele. Mwisho piga wimbo wa polepole unaoujua tangu utoto, usiofikiria vidole, hapo ndo utasikia kama ni sauti yako. Mwambie mwenzako akae mbali asikilize akiwa amekupa mgongo, abadilishiwe bila kuambiwa ipi ni ipi. Mimi mume wangu ambaye hajui noti hata moja alichagua mara tatu ileile, na ilikuwa ya bei ndogo kati ya zile tatu. Ndo ninayo mpaka leo.

Na ukiweza usilipe siku hiyo. Rudi kesho yake.

Joto la Tanga linaifanya nini fluti?

Mengi. Kwanza sauti inapanda. Hewa ya moto inapitisha sauti haraka zaidi, kwenye nyuzi 20 ni kama mita 343 kwa sekunde, kwenye 30 ni 349, kwa hiyo mwezi wa pili saa tisa mchana fluti yako inapaa na kinanda cha umeme kiko palepale, hakijui joto. Vuta kichwa nje zaidi, milimita chache, usione vibaya. Fluti nyingi zenyewe zinatengenezwa kwa A ya 442, kwa hiyo unapochagua hakikisha kichwa kina nafasi ya kuvutwa, kuna watu wananunua vichwa vilivyofupishwa kwa ajili ya nchi za baridi halafu huku hawawezi kushuka.

Pili unyevu. Pedi za kawaida ni sufu iliyogandamizwa na ngozi nyembamba sana juu, masika zinavimba, kiangazi zinarudi, na kila kuvimba zinahama kidogo. Ukimaliza kupiga kausha ndani kwa kitambaa kila mara, hata kama ulipiga dakika tano, hata kama futari iko mezani. Pedi ikinata weka karatasi ileile ya sigara, funga ufunguo, subiri, fungua. Pedi ikiwa imenata usiivute karatasi wakati umefunga, ngozi inachanika. Usiweke poda.

Tatu chumvi, na hii ndo ya kwetu kabisa. Springi za chuma kinachoshika kutu zinakatika, na springi ikikatika ufunguo unalala. Ukiwa unaishi karibu na maji, Raskazone, au Bagamoyo mji mkongwe huko upepo unaingia mpaka ndani, uliza springi ni za nini kabla ya kununua. Za shaba ya fosfa au dhahabu hazipati kutu. Hiki ni kitu ambacho mtu wa Ulaya anayeandika ushauri hatakwambia, manake kwake sio tatizo.

Usiiache kwenye gari. Usifunge ufunguo kwa mpira wa kufungia hela, mpira una salfa na salfa ndo inayoifanya fedha iwe nyeusi. Dawa ya meno usiisogeze kabisa.

Kuna fluti za mpingo. Kwa nini sisi wenye mpingo tusipige za mpingo?

Nafurahi ukiuliza hivi. Mpingo wetu, ule wa Lindi na Kilwa na hata Handeni hapa mkoani, ndo unaotengeneza klarineti na obo za dunia, na kampuni kadhaa zinatengeneza fluti za mpingo zenye funguo zilezile za Boehm. Mti mzito mpaka unazama majini. Sauti ya niliyowahi kuishika ilikuwa ya giza na laini, nilitamani nisiirudishe. Bei yake ni ya juu, kazi ya mkono, na haipendi kutolewa kwenye unyevu ikaingizwa kwenye kiyoyozi ghafla, inaweza kupasuka. Kama unasafiri nayo, tangu mwishoni mwa 2019 chombo cha muziki kilichokamilika cha mpingo hakihitaji tena kibali cha CITES, ule mkataba wa dunia wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kabla ya hapo tangu 2017 ilikuwa usumbufu mpakani. Kwa mtu aliyerudi tu, isiwe ya kwanza. Ila iweke moyoni.

Nina miaka 58 na meno ya bandia. Nimechelewa?

Hapana mzee wangu. Meno ya juu yakiwa yametulia fluti inawezekana kuliko tarumbeta, kwa sababu hukandamizi mdomo. Jaribu vichwa vingi, utakuta kimoja kinakubaliana na taya lako. Pumzi inarudi kwa kupiga. Chagua nyepesi, mguu wa C, G iliyosogezwa, na upige umekaa wima.

Nai na fluti si kitu kimoja? Nina nai ya marehemu baba.

Hapana. Nai ni ya mwanzi, inapulizwa kwenye mwisho wa bomba, ndo ile ya taarabu ya Unguja. Mdomo wake ni mwingine kabisa. Itunze, na tafuta wa kukufundisha hiyo, ni hazina.

Nikishanunua, ya zamani niiuze?

Bei yake itakuwa ndogo na utaikumbuka. Kama inaziba, mpe mtu aipige, fluti inayopigwa inakaa vizuri kuliko ya kabatini. Ya kwangu iko kwa binti wa jirani, kidato cha pili, anakuja jioni tunapiga barazani mpaka adhana ya magharibi, na zile pedi nne bado zinashika karatasi pande zote.